Tumbo la Singiti na Kilo za Wazee Wetu
Uhakiki wa namna tunavyopima afya ya mtu mwenye miaka mingi



Kati ya mila tulizorithi kuna moja ambayo haiandikwi sana, kwa sababu hatuioni kama mila. Ni salamu. Hapa Lubumbashi, ukikutana na mtu kisha miezi mingi, jambo la kwanza ambalo macho yanafanya ni kumpima. Akiwa amenenepa, utamwambia kwa furaha: "Eeh, uko muzuri! Umenona!" Naye atacheka na kushukuru. Akiwa amekonda, utashusha sauti: "Papa, juu ya nini umekauka vile? Kuko amani ku nyumba?"

Tuangalie vizuri swali hilo la amani. Kwetu, kukonda si jambo la mwili tu, ni ushahidi. Ni ushahidi wa njaa, wa ndoa mbaya, wa ugonjwa wenye haya, ao wa mtu anayekula nguvu zako usiku. Na unene vilevile ni ushahidi: nyumba inakula, watoto wanatuma pesa, mababu wako upande wako. Wakati wa Zaire, wakubwa wa serikali tuliwaita kwa Kifaransa "grosses légumes", na kila mtu alifahamu juu ya nini mboga hizo zilikuwa kubwa. Kisha ukaja SIDA, na watu wakazidi kuogopa mwili mwembamba. Kuanzia hapo kunenepa kukawa kama cheti cha hospitali ambacho mtu anatembea nacho mu njia.

Andiko hili linataka kuhakiki kipimo hicho, hasa pale kinapotumiwa kwa wazee wetu. Lakini halitahakiki mila peke yake. Sisi tuliosoma tumepata kipimo kingine, kile cha afishi ya kituo cha afya, na tumekiamini sawa vile wengine wanaamini salamu. Vyote viwili vinaweza kumpoteza mzee. Ninasema hivyo juu niliona.

1. Mzee mmoja na afishi

Baba yangu mukubwa alikuwa mwalimu. Alipofika miaka 72 alikuwa na kilo 78, na urefu wa metre 1,68. Alikuwa na tansio, lakini alitembea kwa miguu hadi ku misa, alilima bustani nyuma ya nyumba, na alibeba mwenyewe ndoo yake ya maji. Siku moja mu kituo cha afya walimsimamisha mbele ya afishi yenye rangi tatu. Kidole kikaangukia rangi ya machungwa. Wakamwambia: "Muzee, upunguze kilo." Hawakumwambia apunguze ngapi, wala namna gani, wala alinde nini.

Mwalimu ni mtu wa kutii somo. Aliacha samaki juu ya mafuta, aliacha nyama juu ya tansio, aliacha maharagi juu ya tumbo kujaa hewa. Akabaki na bukari kidogo na majani. Kabla mwaka kuisha alikuwa na kilo 66. Kule kituoni wakampongeza: sasa yuko mu rangi ya kijani. Mimi pia nilimpongeza. Mama mukubwa ndiye alisema: "Muzee anaisha, munaona tu?" Tulimjibu kama watu waliosoma wanavyojibu mama wa zamani: kwamba kunenepa si afya, kwamba mawazo hayo ni ya kijiji.

Ku barza nako wengine walikuwa na maelezo yao. Mwili unaisha bila homa na bila kikohozi: nani anamukula? Jina la dada yake mdogo, mjane asiyekuwa na mtu wa kumtetea, likaanza kutembea kimya kimya. Yule mama akaacha kuja. Kumbe yeye ndiye alikuwa analeta mayai kila siku ya posho.

Usiku mmoja mzee aliinuka kwenda nje, magoti yakamkataa. Akavunjika mfupa wa nyonga. Kisha miezi mitano tulimzika. Siwezi kusema kilo peke yake ndizo zilimuua. Ninachosema ni hiki: sisi wenye afishi tuliona rangi ya kijani, wale wa barza waliona uchawi, na hakuna mmoja kati yetu aliyeuliza juu ya nini mtu anashindwa kuinuka ku kiti bila kushika ukuta.

2. Tumbo la singiti

Watetezi wa unene wanapenda kusema kwamba ni mila ya mababu, na kwamba hata sanamu zetu zinaonyesha hivyo. Tukubali kuwafuata mpaka huko, juu sanamu hazisemi uongo kama watu.

Kaskazini ya Katanga ya zamani, mu sehemu za Kongolo na Mbulula ambazo leo ziko ndani ya mkoa wa Tanganyika, Wahemba walichonga sanamu za mababu wao wakubwa, zinazoitwa singiti. Padri François Neyt alizikusanya na kuzieleza mu kitabu kikubwa kilichotoka 1977. Mtu yeyote aliyeona moja hawezi kuisahau: mzee anasimama wima, macho yake yanashuka kwa utulivu, ndevu zimepangwa, nywele zimesukwa kwa nyuma. Tumbo ni la mviringo, na mikono miwili imewekwa pembeni yake, kulia na kushoto.

Je, hilo ni tumbo la mtu aliyeshiba? Wengi wanasoma hivyo, na hapo ndipo wanakosea. Singiti haikuwa picha ya mwili wa fulani. Ilikuwa jina lake, nafasi yake mu ukoo, na haki ya ukoo ju ya udongo. Wanaochunguza sanaa hiyo wanaeleza kwamba mikono inalinda kizazi. Na lugha yetu inatusaidia kufahamu kuliko vitabu: tunasema ndugu wa tumbo moja. Tumbo ni mlango ambao watu wamepitia. Mzee wa singiti hashiki mafuta yake, anashika watu wake.

Tena tuangalie kile ambacho mchongaji hakukisahau: mgongo ulionyooka, shingo yenye nguvu, mabega mapana, miguu mifupi iliyojikaza chini. Mzee anasimama, hategemei kitu. Kama sanamu hiyo ina somo la afya, liko mu kusimama, si mu ukubwa wa tumbo.

3. Uso wa Buli

Na kama mtu atasema bado kwamba mababu waliheshimu wanene tu, tumpeleke karibu na hapo, Buli, mahali ambapo Waluba na Wahemba wanapakana. Mu karne ya 19 kulikuwa mchongaji, pengine pamoja na wanafunzi wake, ambaye kazi zake zinajulikana dunia nzima. Mbelgiji Frans Olbrechts ndiye aliyezitenga na kuzipa jina la mtindo wa uso mrefu wa Buli. Moja iko Tervuren: mwanamke aliyekaa, ameshika bakuli mbele yake. Viti vya kifalme vya mkono huohuo viko London na New York.

Uso wa Buli hauna hata gramu moja ya mafuta. Mashavu yameingia ndani, mifupa imetokeza, macho ni mazito, vidole ni virefu na vyembamba. Ni uso wa mtu aliyeishi. Na uso huo uliwekwa ku kiti cha mfalme, ukamubeba mfalme juu ya kichwa na vidole vyake. Mchongaji angeweza kuchonga mashavu ya mviringo, majirani wake walifanya hivyo. Alichagua mifupa, na wakubwa wakapokea kazi yake kwa heshima.

Basi mila yetu haikuwa na mwili mmoja wa mzee. Ilikuwa na mnene na mwembamba, na wote wawili walikuwa na ukubwa. Kumsema mzee mwembamba kama mgonjwa ao mtu aliyelogwa si kulinda mila, ni kuipunguza. Waswahili walisema zamani: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

4. Hesabu ya Mbelgiji

Sasa tugeukie afishi. Ile hesabu yake, ambayo tunaiita IMC, inachukua kilo za mtu na kuzigawanya kwa urefu wake wa metre uliozidishwa kwa urefu huohuo. Ilitoka kwa Adolphe Quetelet, mzaliwa wa Gand, mu miaka ya 1830. Quetelet hakuwa munganga. Alikuwa mtu wa nyota na wa hesabu, aliyetafuta mtu wa katikati mu kundi kubwa la watu. Alikufa 1874, na hesabu yake ikabaki pembeni. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake, kisha kupima wanaume wengi, wakaipa jina linalotumiwa leo. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaweka mipaka ambayo afishi inafuata: chini ya 18,5 ni wembamba, kutoka 18,5 hadi chini ya 25 ni kawaida, kuanzia 25 ni kuzidi, kuanzia 30 ni unene wa ugonjwa.

Mipaka hiyo ni ya watu wazima wote, kijana wa miaka 25 na bibi wa miaka 80. Hapo ndipo shida inaanza. Mwaka 2014 wachunguzi wa Australia waliunganisha chunguzi 32 zenye watu 197.940 wa miaka 65 na zaidi, wengi wao wa nchi tajiri. Waliona kwamba kwa umri huo vifo vilikuwa vichache kwa wale wenye IMC ya karibu 24 hadi 31. Chini ya 23 hatari ilianza kupanda: kwa wale wa 21 ilizidi kwa 12 ku mia, kwa wale wa 20 ilizidi kwa 19 ku mia. Upande wa juu, hatari ilipanda kisha 33.

Tuweke hiyo mu kilo. Mzee wa metre 1,60 mwenye kilo 70 ana IMC ya 27. Afishi inamgombeza, lakini chunguzi hizo zinamwacha kwa amani. Mwenzake wa urefu huohuo mwenye kilo 52 ana 20. Afishi inamsifu, kumbe yeye ndiye anapaswa kuangaliwa. Na yule wa kilo 85 amefika 33: kwake hata mahesabu ya wazee yanasema ni nyingi.

Kuna na mtego mwingine. Uti wa mgongo unafupika kwa miaka. Mama aliyekuwa na metre 1,64 akashuka hadi 1,60, akibaki na kilo zake 65, IMC yake inapanda kutoka 24,2 hadi 25,4. Hakuongeza hata kilo moja, lakini afishi imemhamisha rangi.

Lakini tusikimbilie kusema: "Munaona? Unene ni maisha marefu!" Wataalamu wenyewe wamebishana sana. Mwaka 2013 uchunguzi wa Katherine Flegal na wenzake, wa watu karibu milioni 2,9, ulionyesha vifo vichache kidogo kwa wale wa 25 hadi 30. Wengine wakaukataa kwa nguvu. Mwaka 2016 kundi kubwa la kimataifa liliondoa wavuta sigara na watu waliokuwa wagonjwa tayari, likaona kwamba kipimo bora ni cha 20 hadi 25, na kwamba hasara ya unene ni kubwa kwa vijana kuliko kwa wazee. Sababu ya ubishi ni rahisi kufahamu: ugonjwa unakondesha mbele ya kuua. Kansa, kifua kikuu, figo, moyo, vyote vinakausha mtu miezi mingi mbele ya kifo. Ukiwapima wote pamoja, utafikiri wembamba ndio uliua, kumbe wembamba ulikuwa moshi na moto uko ndani.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa mwembamba tangu ujana na anapanda mlima na kilo zake 54 asisumbuliwe. Uso wa Buli ni wake. Na mtu mnene mwenye sukari, tansio na magoti yanayolia asidanganywe na salamu ya "umenona". Mafuta ya tumboni yanaleta magonjwa hayo kweli, na tumbo kubwa ju ya miguu myembamba si tumbo la singiti.

5. Kinachopotea ndani

Kile ambacho salamu na afishi vyote vinashindwa kuona ni nyama ya mwili, misuli. Mizani haijui kutenganisha misuli na mafuta. Mwaka 1989 Mmarekani Irwin Rosenberg alipatia upotevu wa misuli ya wazee jina la sarkopenia, kutoka Kigiriki, maana yake umaskini wa nyama. Mzee anapopunguza kilo kwa kula kidogo bila kutembea wala kubeba kitu, hapotezi mafuta peke yake. Anapoteza na misuli inayomuinua ku kiti na kumshika anapojikwaa. Na kwa umri huo misuli ikiondoka ni kazi ngumu kuirudisha.

Ndiyo maana waganga wa wazee leo wanaangalia mambo mawili zaidi kuliko rangi ya afishi. La kwanza ni mabadiliko. Mtu akipoteza zaidi ya 5 ku mia ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kutaka, hiyo ni alama ya kupeleka hospitali, hata kama alikuwa mnene. Kwa mzee wa kilo 60 ni kilo 3 tu. Na aliyeambiwa kupunguza afuatwe karibu: baba mukubwa alipoteza kilo 12 ku kilo 78, yaani zaidi ya 15 ku mia, na tulipiga makofi.

La pili ni nguvu. Mwambie mzee akae ku kiti, afunge mikono ju ya kifua, ainuke na kukaa mara 5. Akizidisha sekunde 15, misuli inapungua. Ao atembee metre 4 kwa mwendo wake wa kawaida: akichukua sekunde 5 ao zaidi, tumwangalie. Mahali ambapo hakuna mizani, mita ya fundi wa nguo inatosha: ndama ya mguu ikiwa chini ya sentimetre 31, wataalamu wa chakula wanahesabu hiyo kama alama ya hatari. Ni vipimo ambavyo mjukuu wa shule anaweza kufanya ku barza, bila franga hata moja.

Tena tukumbuke singiti: vipimo hivi vyote vinauliza kama mzee anasimama.

6. Nani anakula firigisi?

Hapa ndipo mila inatuhukumu sisi, na si sisi kuihukumu. Mu makabila mengi ya kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mzee wa nyumba. Mtoto aliyeigusa alipata fimbo. Tuliona hiyo kama choyo ya wakubwa, na upande fulani ilikuwa choyo, juu mama na watoto walibaki na shingo. Lakini ndani ya sheria ile kulikuwa wazo: mzee asikose nyama kabisa.

Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ule ulioitwa "départs volontaires", na nyumba nyingi za mji huu zikabaki na baba asiye na mshahara wala posho. Mu nyumba hizo na mu nyingine, mzee mwenyewe anasukuma sahani: "Mupatie batoto, miye nilishakula." Hakula. Anabaki na bukari na mchuzi. Nasi tunamsifu kwa upendo wake, kumbe yeye ndiye anahitaji zaidi. Mwaka 2013 wataalamu wa chakula cha wazee walishauri gramu 1 hadi 1,2 za protini kwa kila kilo ya mwili kila siku, kupita kile kinachoshauriwa kwa kijana, ila tu kwa mwenye ugonjwa mkubwa wa figo ambaye afuate neno la munganga. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Bukari peke yake haifikishi hapo. Inatakiwa maharagi, samaki wakavu, mayai, karanga ndani ya sombe.

Na baada ya yote, mzee akifa, ukoo unakutana. Kotizasio zinapita, ng'ombe anapatikana, mchele unapikwa mu sufuria kubwa siku tatu. Ku kilio cha baba mukubwa nilihesabu vipande vya nyama ju ya sahani yangu: vilikuwa vinne. Nilijaribu kukumbuka lini yeye alikula vinne kwa siku moja mu mwaka wake wa mwisho. Sikukumbuka.

7. Tumalizie

Hatuombi watu waache kusalimia. Salamu yetu ina kitu kizuri ambacho afishi haina: inamwangalia mtu yuleyule leo na jana. Mama mukubwa hakuwa na hesabu, lakini alikuwa na kumbukumbu ya mwili wa bwana yake kwa miaka 40, na alijua mbele yetu wote. Alichokosa ni watu wa kumsikiliza. Sisi tulikuwa na hesabu, tukakosa kuangalia.

Basi tubadilishe swali tu. Badala ya "umenona" ao "umekauka", tuulize: "Papa, jana ulikula nini? Ulitembea mpaka wapi? Unainuka bila kushika?" Kama nguo zinaanza kulegea, tumpeleke hospitali mbele ya kutafuta muloji, na dada yake mjane aendelee kuja na mayai yake. Kama munganga anasema apunguze kilo, tumuulize kwa heshima: ngapi, kwa muda gani, na ale nini ili nguvu isiondoke? Ni haki yetu kuuliza.

Na firigisi irudi kwa wazee, mara hii kwa baba na kwa mama, wangali wanaweza kuitafuna.